Pereira wa Tanga: jina la mti, la shamba, na la aliyesimama kwenye ubatizo

Swali: "Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Babu mzaa baba alikuja kutoka Goa akiwa kijana, akafungua duka la ushonaji, na sote tunaitwa Pereira. Binamu yangu aliyeko Kanada ameniambia kwamba majina ya Kireno yanayotokana na miti ni ya Wayahudi waliobatizwa kwa nguvu. Kuna pia mtu mtandaoni anauza nembo ya ukoo wa Pereira, nyekundu yenye msalaba mweupe, na ndugu zangu wanataka tuinunue. Marehemu baba yeye alikuwa akitutania tu kwamba sisi ni watu wa mpera. Jina hili maana yake nini hasa, na linatuambia nini kuhusu asili yetu?"

Jibu:

Dada, nianze na marehemu baba yako, kwa sababu kati ya hao watatu yeye ndiye aliyeukaribia ukweli zaidi, hata kama alisema kwa utani.

Pereira kwa Kireno ni mpeasi, mti unaozaa yale mapeasi ambayo huko kwenu Tanga hushuka kutoka Lushoto. Tunda lenyewe Wareno huliita pera. Neno hilo na sisi tunalo. Wachunguzi wa maneno ya mkopo huliweka "pera" letu fungu moja na meza, bendera, leso, kasha na foronya, yaani maneno ambayo Kiswahili kimeyapata kwa Wareno. Kilichobadilika ni tunda. Mpera tunaoujua sisi kwao ni Amerika ya kitropiki. Wareno walikuwa miongoni mwa walioutawanya katika nchi za Bahari ya Hindi, na tunda geni likavishwa jina la tunda la nyumbani kwao. Maharashtra, jimbo la India lililo jirani na Goa, mapera huitwa peru. Kwa hiyo mpera uliokuwa uani kwa baba yako na jina lililoandikwa kwenye cheti chake vimechipuka kwenye neno moja la Kilatini, pirum. Alipokuwa akicheka na nyinyi, alikuwa anasema kweli.

Tazama na jinsi neno lilivyoundwa, kwa kuwa Mswahili analielewa upesi. Sisi mti tunautambulisha mbele ya neno: pera, mpera, chungwa, mchungwa, lozi, mlozi. Wareno wanautambulisha nyuma. Pera huzaa pereira, laranja ambalo ni chungwa huzaa laranjeira, amêndoa ambalo ni lozi huzaa amendoeira, oliva ambalo ni zeituni huzaa oliveira. Sasa unaona wale kina Oliveira nao wametokea wapi. Lakini usikamate kila jina lenye mkia huo ukaliita mti. Ferreira, kwa mfano, linatokana na ferro, chuma, na lilikuwa jina la mahali palipochimbwa au kufuliwa chuma.

Hapo penye neno "mahali" ndipo ilipo siri ya jina lenu pia. Hakuna mtu wa kale aliyeitwa Pereira kwa sababu alifanana na mpeasi au aliuza mapeasi. Kaskazini mwa Ureno, na kuvuka mpaka hadi Galicia ya Hispania, vijiji, mashamba na vitongoji vingi viliitwa kwa mti uliojulikana hapo, kama sisi tunavyosema Mwembeni, Mkwajuni au Mnazi Mmoja. Mtu akitoka shamba la Pereira aliitwa "de Pereira", wa Pereira. Baadaye kile kiunganishi "de" kikaanguka, jina likabaki peke yake.

Shamba moja kati ya hayo ndilo lililolipandisha jina. Lilikuwa huko Vermoim, karibu na mji ambao leo unaitwa Vila Nova de Famalicão, na vitabu vya nasaba humtaja bwana wake wa zamani, Rodrigo Gonçalves de Pereira. Si mtu wa kujivunia sana. Kitabu cha nasaba cha Conde Dom Pedro wa Barcelos, kabaila mtoto wa Mfalme Dinis, ambaye mwenyewe alifariki mwaka 1354, kinasimulia kwamba Rodrigo alipata habari kuwa mkewe anazini na mtawa wa Bouro, akaenda kwenye ngome ya Lanhoso, akafunga milango na kuichoma moto pamoja na kila aliyekuwa ndani, hata watumishi, kwa kuwa walijua na hawakusema. Nakutajia kisa hiki kwa makusudi. Wauzaji wa nembo huandika kwamba ukoo wa Pereira ulianzishwa na mashujaa, basi na huyu naye yumo.

Angalia jina lake: Rodrigo, mwana wa Gonçalo, wa Pereira. Wareno wa karne zile walihesabu kama Waarabu na Waswahili wanavyohesabu kwa "bin". Gonçalves ni mwana wa Gonçalo, Fernandes ni mwana wa Fernando, Rodrigues ni mwana wa Rodrigo, Nunes ni mwana wa Nuno. Karibu kila jina la Kigoa mnalolikuta Tanga, Zanzibar au Mombasa lenye "-es" mwishoni lilianza kama "bin fulani". Utaona mnyororo wenyewe kwa Pereira maarufu kuliko wote. Gonçalo Pereira alikuwa askofu mkuu wa Braga, karne ya 14. Mwanawe aliitwa Álvaro Gonçalves Pereira. Na mwana wa Álvaro akaitwa Nuno Álvares Pereira. Jina la katikati linabadilika kila kizazi, la shamba linabaki.

Huyo Nuno alizaliwa mwaka 1360, na Agosti 1385 alikuwa amiri wa jeshi la Mfalme João wa Kwanza kwenye vita vya Aljubarrota, ambako Wareno wachache waliwashinda Wakastilia wa Hispania waliokuwa wengi mno kuliko wao. Mwaka 1423 aliacha mali yote akaingia utawani, katika nyumba ya Wakarmeli aliyoijenga mwenyewe Lisbon, na Papa Benedikto wa 16 alimtangaza mtakatifu mwaka 2009. Binti yake Beatriz aliolewa na mtoto wa mfalme aliyezaliwa nje ya ndoa, na kutoka kwao ukatoka ukoo wa Bragança uliotawala Ureno kuanzia mwaka 1640 hadi jamhuri ilipotangazwa mwaka 1910.

Ile nembo nyekundu yenye msalaba wa fedha, yaani mweupe, ncha zake zikichanua kama ua na katikati yake pakiwa wazi, ni nembo ya kweli. Ukifika Sintra utaikuta imechorwa kwenye dari ya ukumbi wa nembo katika jumba la kifalme, pamoja na nembo za koo nyingine za makabaila. Lakini ni nembo ya ukoo ule mmoja. Nembo haikupewa neno "Pereira", ilipewa watu, na iliwashukia watoto wao waliothibitishwa. Waambie ndugu zako wasitoe hela.

Sasa nije kwa binamu. Jambo analolisema limeenea sana, na limezidi kuenea tangu Ureno ilipotunga sheria mwaka 2013 ya kuwapa uraia wazao wa Wayahudi waliofukuzwa, kwa sababu sheria ile ilitaja majina ya ukoo kuwa moja ya mambo yanayoweza kuonyesha uhusiano na Ureno. Watu wakaanza kutafuta orodha za majina, na orodha zikapatikana.

Historia iliyo nyuma yake ni ya kweli na inaumiza. Desemba 1496 Mfalme Manuel aliamuru Wayahudi watoke Ureno, kisha mwaka 1497 akawazuia kuondoka na kuwabatiza kwa nguvu. Wakaitwa Wakristo wapya. Mwaka 1506 umati uliwaua wengi wao mitaani Lisbon. Mwaka 1536 likaanzishwa baraza la kuhukumu imani, ambalo Wareno waliliita Inquisição, na kwa karne mbili na zaidi wazao wao waliishi na hofu ya kukamatwa kwa kutuhumiwa kwamba wanafuata Uyahudi kwa siri. Walipobatizwa walihitaji majina mapya, na hapo ndipo dhana ya miti inapochomekwa: eti walichagua miti ili watambuane.

Dhana hiyo haisimami. Shamba la Pereira lilikuwa na mabwana Wakristo karne kadhaa kabla ya mwaka 1497. Babu wa Nuno, kama ulivyoona, alikuwa askofu mkuu. Waliolazimishwa kubatizwa walichukua majina yaliyokuwa yakizunguka mitaani, yasiyomshtua mtu, maana aliyetaka kujificha asingejivisha alama. Ukisoma kesi za baraza lile, majina yanayojirudia sana ni Rodrigues, Lopes, Nunes, Mendes, Henriques, yale yale ya jirani zao Wakristo wa zamani. Garcia de Orta, tabibu mkubwa aliyeishi Goa na kufariki mwaka 1568, alitoka kwenye ukoo wa Kiyahudi. Dada yake Catarina alichomwa moto mwaka 1569, na mwaka 1580 mifupa ya Garcia mwenyewe ilifukuliwa ikachomwa. Jina lake halikuwa mti.

Pamoja na hayo, walikuwepo Wayahudi walioitwa Pereira, na si wachache. Jacob Rodrigues Pereira, mtoto wa familia ya namna hiyo, alihamia Ufaransa na karne ya 18 akawa mmoja wa walimu wa kwanza mashuhuri wa watoto viziwi. Wajukuu zake Émile na Isaac Péreire walianzisha benki ya Crédit Mobilier mwaka 1852. Kwa hiyo jina moja limebebwa na mtakatifu wa Kikatoliki, na babu wa wafalme, na mabenki wa Kiyahudi. Jina peke yake haliwezi kukuambia uko upande gani. Na kwa habari ya familia yako, sidhani uko upande wowote kati ya hizo, kwa sababu babu yako alitoka Goa.

Hapa naomba twende polepole, maana ndipo penye jibu lako.

Goa ilitekwa na Afonso de Albuquerque mwaka 1510. Katika miaka ya 1540 na kuendelea mashirika ya kitawa yaligawana vijiji: Wajesuiti wakachukua Salcete, Wafransisko wakachukua Bardez. Mahekalu yalibomolewa, sheria zikawabana waliobaki Wahindu, na watu walibatizwa kwa makundi, wengine kwa kushawishika, wengine kwa kutafuta usalama wa ardhi yao, wengine kwa kukosa njia nyingine. Kwenye kisima cha ubatizo mtu aliacha jina la nyumba yake, pengine Kamat, Nayak, Prabhu, Shenoy au Pai, akapewa jina la mtakatifu na jina la ukoo la Kireno. Lilitoka kwa nani? Mara nyingi kwa baba wa ubatizo. Huyo aliweza kuwa askari, mfanyabiashara, ofisa, au padri aliyebatiza. Siku za sherehe kubwa hata gavana mwenyewe alisimama. Aliyesimamiwa na Pereira akatoka kanisani akiwa Pereira.

Matokeo yake ni haya. Ndugu wawili wa tumbo moja, waliobatizwa siku tofauti na wasimamizi tofauti, wangeweza kutoka mmoja Pereira na mwingine Fernandes. Na watu wawili wasiohusiana kabisa, hata wa matabaka ambayo hayakuoana, wangeweza kutoka wote Pereira kwa sababu walisimama mstari mmoja asubuhi moja. Ndiyo maana Wagoa wenyewe, wakitaka kujua mtu ni nani, hawaishii kwenye jina la ukoo. Wanauliza kijiji, na ndani ya kijiji wanauliza vangodd, yaani ukoo wa asili wa wenye ardhi ya pale, uliobaki hata baada ya majina kubadilishwa.

Mambo hayohayo yalitokea kila Wareno walipofika. Sri Lanka jina lenu limekuwa Perera na ni miongoni mwa majina ya kawaida kabisa nchini humo, likibebwa leo hata na Wabuddha. Cabo Verde rais wa kwanza, aliyeongoza tangu uhuru mwaka 1975 hadi 1991, aliitwa Aristides Pereira. Brazili watumwa walibatizwa kwa majina ya mabwana wao. Hata Ureno penyewe jina halikuwa limefungwa kama tunavyodhani sasa: kabla ya usajili wa serikali kuwa lazima kwa wote mwaka 1911, mtoto aliweza kuchukua jina la baba, la mama, la bibi au la msimamizi wake, na wasichana wengi walipewa majina ya ibada tu, kama da Conceição au de Jesus. Pereira mmoja haimfanyi mwingine kuwa ndugu.

Watu wa pwani huniuliza pia kama majina haya hayakuachwa na Wareno wa Ngome ya Yesu. Hapana. Wareno waliijenga ngome ile Mombasa kuanzia mwaka 1593 na wakaipoteza mwaka 1698. Walichotuachia ni maneno. Majina ya ukoo hayakushika. Wagoa wa Zanzibar, Mombasa, Tanga na Nairobi walifika kwa wingi baadaye sana, kuanzia nusu ya pili ya karne ya 19, kwa meli kutoka Bombay: mafundi cherehani, wapishi, makarani, wapiga picha. Babu yako alikuwa mmoja wao. Neno pera lilikuwa limemtangulia hapa.

Kwa hiyo asili yako, kwa kadiri jina na njia aliyopita babu yako vinavyoonyesha, ni watu wa Konkan, pwani ya magharibi ya India, ambao mmoja wa wazee wao alisimamiwa na mtu aitwaye Pereira. Yawezekana palikuwa na Mreno kwenye damu, maana ndoa za mchanganyiko zilikuwepo Goa, ila jina haliwezi kuwa ushahidi wake. Ushahidi uko kwenye vitabu vya parokia.

Nikueleze vilivyo, ili usiogope ukikutana navyo. Ukurasa huwa na wino uliogeuka rangi ya chai, mwandiko umelala upande, na pembeni kuna nafasi nyembamba yenye jina la mtoto. Maneno karibu hayabadiliki kutoka padri mmoja hadi mwingine. Huanza "Aos", likifuatiwa na tarehe iliyoandikwa kwa maneno: siku fulani ya mwezi fulani. Kisha "baptizei solenemente e pus os santos óleos a", nimembatiza kwa utaratibu kamili na kumpaka mafuta matakatifu, halafu jina la mtoto, moja tu, bila la ukoo. Kisha "filho legítimo de", mtoto wa ndoa wa fulani na fulani, "naturais desta freguesia", wenyeji wa parokia hii. Ukibahatika utakuta "neto paterno de", mjukuu kwa upande wa baba wa fulani. Neno hilo moja linakurudisha kizazi kizima nyuma. Mwisho kabisa, karibu na sahihi ya padri, kuna "foram padrinhos", wasimamizi walikuwa fulani na fulani. Mstari huo wengi huuruka. Wewe uusome, kwa sababu katika familia za Kigoa wasimamizi mara nyingi walikuwa wajomba na shangazi, na mstari huo unaweza kukuunganisha na tawi ambalo halina jina lenu.

Ili ufike huko unahitaji kitu kimoja, jina la kijiji. Goa haitoshi, kwa kuwa parokia ni nyingi na kina Pereira wamejaa kila moja. Anza hapo Tanga. Nenda parokia alikofunga ndoa babu au alikozikwa. Kitabu cha ndoa huandika mara nyingi parokia ambako kila mmoja alibatizwa. Soma jiwe la kaburi lake. Tafuta pasi yake ya zamani na cheti cha ubatizo ndani ya misale au kasha la bibi, maana wengi walivitunza humo. Muulize shangazi mkubwa kuliko wote aliye hai wazee walikuwa wakienda wapi wakienda "nyumbani", na sikukuu ya mtakatifu gani ilifanywa kwa mbwembwe kule; sikukuu ya somo wa parokia huweza kukutajia kijiji wakati jina lake limesahauliwa. Ukishalipata, andika kwa paroko wa huko. Baadhi ya vitabu vya zamani sana vimehamishiwa kwenye hifadhi ya nyaraka ya serikali Panjim, mji mkuu wa Goa.

Kama ndugu zako wanawaza uraia wa Ureno, hilo nalo liko kwenye karatasi hizohizo. Goa ilikuwa chini ya Ureno hadi Desemba 1961, na wanaoomba kwa njia hiyo huonyesha kumbukumbu ya kuzaliwa ya mzazi au babu aliyezaliwa kule kabla ya hapo. Aliyeitwa Kamat na anayeitwa Pereira wanapimwa kwa cheti kilekile.

Ukikipata kijiji, niandikie. Ukipiga picha ya ukurasa wowote ukashindwa kuusoma, nitausoma nawe mstari kwa mstari.